Rilei ya feni inalia tik lakini feni haizunguki, Corolla 110. Fundi anataka ninunue mota, naomba msaada

NeemaWaSoweto:

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Nina Corolla 110 injini ya 5A, naishi Moshi ila kazi inanipeleka Arusha mara kwa mara. Shida yangu ni hii, gari ikiwa inatembea mshale wa joto unatulia chini ya nusu, toka Boma Ng'ombe mpaka Usa River hauna neno kabisa, ila nikiingia mjini kwenye foleni ya Kilombero au nikisimama pale Mbuyuni kumsubiri mtu unaanza kupanda, nikifungua boneti nakuta feni ya rejeta imesimama, au siku nyingine inazunguka kivivu mpaka unaweza kuhesabu panga zake.

Fundi wa kwanza alichomoa rilei ya feni akaigusisha na betri kwa waya mbili, ikalia tik, akasema rilei nzima hii, mota ndo imekufa katafute mota. Bei ya mota niliyotajiwa imenikalisha chini. Fundi wa pili kaja na dawa nyingine, tuweke dairekti, swichi kwenye dashibodi, nikiona mshale unapanda nawasha mwenyewe.

Sasa maswali yangu. Hii rilei hasa inafanya kazi gani mpaka feni isiwashwe tu na swichi? Na ikilia tik ndo tayari ni nzima? Nyumbani kuna multimita ile ya njano ya bei chee, mkinielekeza cha kupima napima mwenyewe. Msinitupe jamani.


chalii_wa_Ngarenaro:

dada weka dairekti maisha yaendelee. mi Corolla yangu ina swichi chini ya redio miaka sasa haijawahi kuchemsha. ukianza kuwasikiliza watu wa rilei watakuuzia gari nzima vipande vipande 😂


FundiWayaUnga:

Chalii acha kumpoteza dada wa watu, swichi yako hiyo nataka siku moja uiguse ukiwa umewasha feni robo saa halafu uniambie kama haijapata moto.

Dada Neema, niko Unga Limited nafanya umeme wa magari, ngoja nikuelezee taratibu maana swali lako la kwanza ni zuri na mafundi wengi hatulijibu tunarukia kubadilisha vitu.

Feni ya rejeta inakula umeme mwingi, kwa gari kama yako weka ampia 10 hivi ikishachanganya, na ule muda inaanza kuzunguka inavuta zaidi ya hapo. Umeme huo ukitaka upite kwenye kiswichi cha dashibodi inabidi uvute waya mnene toka betri uingie ndani ya gari urudi tena mbele, na hicho kiswichi kiwe na pointi kubwa za kuvumilia cheche. Sasa badala ya hivyo wanaweka rilei pale mbele karibu na betri. Ndani yake kuna vitu viwili ambavyo umeme wake haukutani kabisa. Kuna koili, waya mwembamba uliozungushwa kwenye chuma, ukiipa umeme kidogo sana kama ampia 0.15 inageuka sumaku. Na kuna pointi, vidole viwili vya chuma vinavyobeba ule umeme mkubwa wa feni. Sumaku ikivuta, kidole kinahama. Ile tik unayoisikia ni kidole kugonga, basi.

Kwa hiyo fundi wako alipima koili. Pointi hakuzipima. Koili ni nyapara na pointi ni wabeba magunia, nyapara kupiga filimbi haina maana gunia limefika kwenye lori. Rilei nyingi mbovu ninazotoa kwenye magari zinalia tik vizuri tu, ila pointi zimeungua zimekuwa nyeusi zina vishimo, umeme unapita kwa shida.

Lakini gari yako ina jambo lingine ambalo mafundi vijana linawachanganya. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 90, na 110 ikiwemo, rilei ya feni namba moja ni ya kinyume. Yani bila umeme kwenye koili pointi zimekutana, ukiipa umeme zinaachana. Rilei ya honi au ya taa ni kinyume chake, ukiipa umeme ndo zinakutana. Kwa hiyo wewe ukisikia tik ukiwa umewasha swichi ya gari asubuhi, hiyo ndo rilei inaizima feni, haiiwashi. Chini kwenye injini kuna swichi ya temperecha ina waya mmoja, maji yakiwa ya baridi inashika bodi, koili inapata umeme, pointi zinaachana, feni kimya. Maji yakifika kama nyuzi 93 ile swichi inaachia, koili inakosa umeme, pointi zinarudi kukutana, feni inazunguka. Yakishuka kama 83 inashika tena.

Wajapani sio wajinga, walifanya hivyo makusudi, waya wa swichi ukikatika njiani feni inazunguka muda wote, injini haiungui. Ubaya ni kwamba huo waya ukichubuka ukagusa bodi feni haitawaka milele, na ukichomoa rilei pia haitawaka.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata mita. Gari ikiwa ya baridi, washa swichi bila kuwasha injini, halafu chomoa plagi ya ile swichi ya temperecha. Feni inatakiwa izunguke hapo hapo, kwa nguvu. Mikono na mtandio mbali. Njoo useme imefanyaje.


NeemaWaSoweto:

Asante sana fundi, nimekuelewa mpaka nimeshangaa, hakuna aliyewahi kunieleza hivyo. Nimefanya sasa hivi hapa nje. Nilipochomoa ile plagi feni ilizunguka lakini polepole sana, nikairudisha ikasimama. Nikarudia mara nyingine haikuzunguka kabisa, nikapigapiga rilei kwa mpini wa bisibisi ikaanza kuzunguka pole pole tena. Hii ni mota au ni rilei?


FundiWayaUnga:

Kitendo cha kupiga rilei feni ikaamka kinanipa picha, lakini tusihukumu bado. Uzuri swichi ya temperecha na waya wake tumeshavisamehe, amri inatoka. Sasa tunatafuta umeme unapotelea wapi.

Weka mita kwenye volti za DC, ile alama ya 20. Kwanza pima betri yenyewe andika. Halafu nenda kwenye plagi ya mota ya feni, usiichomoe, ingiza ncha ya mita kwa nyuma ya plagi pale waya unapoingia, feni ikiwa inazunguka au inajaribu kuzunguka, pima kati ya waya wa chanya na wa hasi. Andika. Kisha chomoa plagi ya feni, pima tena humo humo kwenye plagi ikiwa haina mzigo. Andika hiyo nayo, nataka uone kitu.

Halafu chomoa rilei. Chini yake kuna miguu minne, pembeni ya kila mguu kuna namba ndogo. Kwa Denso za Toyota 1 na 2 ni koili, 3 na 4 ni pointi za hii ya kinyume, ile ya kawaida inakuwa 3 na 5. Mchoro mara nyingi upo juu ya mfuniko wake, ukiona kamstari ka pointi kamechorwa kakiwa kamegusana ujue ni ya kinyume. Chukua kipande cha waya mnene, kiwe na fyuzi katikati ya ampia 20 au 30, unganisha tundu la 3 na la 4 kwenye soketi. Hapo umeiruka rilei kabisa. Pima tena kwenye plagi ya feni ikizunguka. ANGALIA usiunganishe tundu lingine lolote, moja lina umeme wa betri swichi ya gari ikiwa imewashwa na ukiligusisha na lenye hasi utaona fataki za mwaka mpya.


mwl_wa_Kiborloni:

Fundi nakupa heko, umeeleza vizuri kuliko mimi ninavyoeleza darasani. Niongeze kidogo upande wa fizikia kwa faida ya wanaosoma.

Rilei sio kitu kipya, Joseph Henry wa Marekani aliichezea miaka ya 1830 kabla hata gari la petroli halijatengenezwa, na ikawa ndo moyo wa telegrafu. Namba za 30, 85, 86, 87 na 87a mnazoziona kwenye rilei za Ulaya zinatokana na kiwango cha Kijerumani DIN 72552, 30 ni umeme wa moja kwa moja toka betri, 85 na 86 ndo koili, 87 inapata umeme rilei ikivuta, 87a inapata rilei ikiwa imelala. Kwa hiyo rilei ya dada Neema kwa lugha hiyo inatumia 30 na 87a.

Koili unaweza kuipima kwa omu. Weka mita kwenye 200, gusanisha ncha zenyewe kwanza uone mita ya bei chee inasoma ngapi, mara nyingi 0.5 mpaka 1, hiyo utaitoa. Halafu pima mguu 1 na 2. Rilei za volti 12 nyingi zinasoma kati ya omu 50 na 120. Ikiwa 80, gawanya 12 kwa 80 unapata ampia 0.15 aliyoisema fundi. Mita ikikaa kwenye 1 ya pembeni bila kusoma, koili imekatika. Ikisoma karibu na sifuri imeshikana, hiyo itachoma fyuzi au swichi inayoiamuru.

Jambo moja la hatari, koili ikikatiwa umeme ghafla inarusha volti nyingi za kinyume, zinaweza kufika mia na zaidi kwa kufumba na kufumbua. Ndo maana ndani ya rilei nyingi wameweka rezista au daiodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya kumeza hizo volti zisiende kuua kompyuta ya gari. Rilei yenye rezista haina shida unaipima upande wowote. Yenye daiodi ukiigeuza kwenye betri, daiodi inaungua papo hapo na wewe hutajua, rilei itaendelea kulia tik kama kawaida, mpaka siku kompyuta izimike. Kwenye mchoro ukiona alama ya mshale na kamstari pembeni ya koili, chanya iende 86 na hasi iende 85.


mzee_wa_landi:

Vijana shikamooni kinyume nyinyi ndo mnaniamkia 😄. Mimi niko Usa River nimeendesha Land Cruiser za watalii toka zamani, binti Neema kabla hujaenda dukani kununua rilei yoyote nisikilize. Maduka yetu haya yanauza spea za Fuso, Scania na Corolla kwenye rafu moja. Fuso na Scania ni volti 24. Hata Land Cruiser zingine ni volti 24. Rilei zao zinafanana umbo na miguu kama mapacha na hizi za 12, muuzaji atakwambia "inaingia" na kweli itaingia. Ukiipa volti 12 haivuti, au inavuta kwa kusuasua ukitingishika kwenye matuta inaachia. Soma juu ya mfuniko pameandikwa 12V au 24V, usiangalie rangi, rangi kila kiwanda kina zake.

Na kinyume chake ni kibaya zaidi, ukiweka ya 12 kwenye gari ya 24 koili inaungua haraka maana inapata nguvu mara nne. Nimeona rilei imeyeyuka ikashikana na soketi porini Ndutu huko, wageni wanapiga picha simba mimi nachokonoa plastiki.


NeemaWaSoweto:

Shikamoo mzee 🙏 nashukuru sana. Majibu ya vipimo haya hapa, nimepima swichi ikiwa imewashwa injini imezimwa.

Betri 12.4. Kwenye plagi ya feni ikiwa inazunguka kivivu 8.9. Plagi ikiwa imechomolewa 12.3. Rilei nimeitoa nikaunganisha 3 na 4 kwa waya wenye fyuzi, feni imezunguka kwa kasi mpaka vumbi la rejeta limenijaa usoni, na mita imesoma 11.9. Koili nimepima imesoma 78.

Alafu nimebandua mfuniko wa rilei kwa kisu. Pointi nyeusi tii. Na plastiki ya chini upande wa mguu wa 3 ina rangi ya kahawia kama imebabuka.


FundiWayaUnga:

Umenifurahisha aisee, kuna mafundi hawapimi hivyo.

Haya angalia namba zako wenyewe. Plagi ikiwa imechomolewa ulipata 12.3, fundi asiyejua angesema umeme upo, mota imekufa, kanunue mota. Mita haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo hata pointi iliyoungua inapitisha kiasi hicho kidogo na mita inaona volti zote. Ukiipa mzigo ndo uchafu unajulikana, zikashuka 8.9. Ulipoiruka rilei zikapanda 11.9. Tofauti ni volti 3, na hizo volti 3 zilikuwa zinaishia hapo kwenye rilei. Zidisha volti 3 kwa ampia 8 hivi za feni, wati 24 zinapika hicho kiboksi kidogo, ndo maana ya rangi ya kahawia uliyoiona. Rilei nzima inayofanya kazi, kati ya miguu yake ya pointi usipate zaidi ya volti 0.2.

Kwa sababu hiyo hiyo ile mita ikiwa kwenye alama ya mlio kulia piii ukipima miguu ya pointi sio kipimo cha kuaminika. Inatuma kaumeme kadogo sana. Ukitaka kupima rilei mezani vizuri tumia balbu ya taa ya mbele ya wati 55, inavuta ampia 4 na kitu. Chanya ya betri kwenye mguu wa 3, wa 4 kwenye balbu, balbu kwenye hasi. Kwa rilei yako ya kinyume balbu iwake kwa nguvu bila kugusa koili. Ipe koili umeme, tik, balbu izime. Iachie iwake tena. Rudia mara nyingi, balbu ikififia hata mara moja tupa. Iache iwake dakika kadhaa, gusa mfuniko, ikipata moto upande wa pointi tupa pia.

Usije ukadanganywa kupiga msasa pointi ukarudisha. Inafanya kazi wiki mbili tatu, ila ile rangi ya fedha ya juu ukishaikwangua chini yake panaungua haraka zaidi. Porini sawa, mjini nunua nyingine.

Sasa kazi bado haijaisha. Pointi zimeungua kwa nini? Inaweza kuwa uzee tu, gari ya 1998 rilei ikiwa ni ile ile ya kiwandani imefanya kazi yake. Inaweza kuwa temino ya kwenye soketi imelegea, haiubani mguu wa rilei, ndo inapika. Au mota yenyewe ina beringi nzito inavuta umeme kupita kiasi. Fanya hivi, chukua ile rilei mbovu, tumbukiza mguu wake wa 3 peke yake kwenye tundu lake, usikie unabana au unaingia bwelele. Na feni zungusha kwa mkono swichi ikiwa imezimwa na betri umechomoa, iende laini isikwaruze.

Na tafadhali usijaribu kupima ampia za feni kwa ile mita ya njano, tundu lake la 10A lina fyuzi ndogo, zingine hata fyuzi hazina, feni ikianza itaila. Tumia mita ya kubana waya kama unamjua mwenye nayo, iwe inayosoma DC.


chalii_wa_Ngarenaro:

mimi bado naona dairekti ni rahisi. waya mmoja swichi moja kazi imeisha


FundiWayaUnga:

Chalii siku ukisahau kuwasha foleni ya Mianzini saa kumi na moja jioni utakumbuka maneno haya. Ukitaka dairekti ya kiume weka rilei yenye fyuzi, swichi yako ya dashibodi iamuru koili tu. Hiyo siwezi kukupinga.

Kuna wengine wanaweka dairekti mpaka pampu ya mafuta. Hiyo sikubali hata unilipe. Toyota ina rilei ya pampu inazima pampu injini ikisimama, ukipata ajali injini ikazima na pampu inazima. Ukiweka dairekti, bomba likipasuka pampu inaendelea kumwaga petroli kwenye injini ya moto. Sijui nani aliwafundisha watu.


mwl_wa_Kiborloni:

Neema, wakati unasubiri rilei kaangalie na mfuniko wa rejeta. Arusha iko juu kama mita 1,400, maji yasiyo na presha yanachemka karibu na nyuzi 95 pale. Swichi yako inaamuru feni kwenye 93. Mfuniko ukiwa umechoka haushiki presha, maji yataanza kuchemka feni ndo kwanza inaamka, na utalaumu umeme bure. Moshi mjini tuko chini zaidi kwa hiyo huenda ndo maana unaona Arusha inachemsha kirahisi kuliko huku. Mpira wa mfuniko ukiwa umekauka una nyufa badilisha. Usifungue injini ikiwa ya moto.


NeemaWaSoweto:

Nimerudi na mrejesho. Mguu wa 3 ulikuwa unaingia bwelele kweli, temino imetanuka. Kijana wa gereji jirani aliitoa kwa nyuma ya soketi akaibana kwa koleo ndogo, nikamwambia hapana ile imeshaungua imekuwa laini weka nyingine, tukatoa kwenye soketi ya gari bovu lililolala hapo hapo gereji, na waya wake mnene tukaunga kwa lehemu na mpira wa kubana. Rilei dukani muuzaji alinitolea moja akasema inaingia, nikageuza mfuniko, 24V 😂 mzee wa landi Mungu akuweke. Ya pili ilikuwa 12V ila miguu 3 na 5, nikakataa, kaniangalia sana. Mwisho nimepata mtumba ya Denso ya Corolla, 12V, 3 na 4, nikamwomba anipimie kwa balbu ya taa ya mbele pale pale kaunta, ikawaka vizuri.

Sasa hivi kwenye plagi ya feni napata 12.0 ikizunguka, betri 12.4, kati ya miguu ya rilei 0.1. Jana nilikaa foleni Kilombero, mshale ulipanda kidogo feni ikaingia ukashuka.

Ila feni ina kamlio kembamba ikizunguka, kama inalia kwa mbali. Kwa mkono inazunguka laini. Niache au?


FundiWayaUnga:

Safi kabisa. Hako kamlio huenda ni beringi inaanza au kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zimebaki fupi. Mota hizi zinafunguka, kaboni zinabadilishwa na haifiki hata robo ya bei ya mota uliyotajiwa. Sio dharura, ila baada ya mwezi mmoja shika mfuniko wa rilei baada ya foleni ndefu, ukiwa wa moto kupita rilei za jirani zake ujue mota inavuta sana, ilete. Jumapili sipo.


mama_Ally_Njoro:

Samahani naomba nidandie hapa hapa maana naona kuna wataalam. Honi yangu ya Noah inapiga yenyewe nikipita kwenye mashimo, juzi imepiga saa nane usiku imeamsha mtaa mzima. Ni rilei hii?


FundiWayaUnga:

Dada inawezekana ni rilei imeshikana pointi, au waya wa honi kwenye usukani unagusa bodi, maana kitufe cha honi kinapeleka hasi tu kwenye koili ya rilei. Usiku huo ikipiga tena chomoa rilei ya honi, itanyamaza. Halafu itingishe mkononi, chukua mita pima miguu ya pointi, 3 na 5, rilei ikiwa haina umeme wowote. Ikilia piii pointi zimegandana, nunua nyingine, 12V. Isipolia, irudishe kwenye soketi, zungusha usukani kushoto kulia taratibu injini ikiwa imezimwa, ukisikia tik bila kubonyeza honi basi ni usukani, chini ya ile pedi ya honi. Kama usukani wako una eabegi usifungue mwenyewe.


mama_Ally_Njoro:

Imelia piii 🙌 naenda dukani


mzee_wa_landi:

Geuza mfuniko kwanza binti.